Mti Ukauke Kwanza

Ukipita Barabara ya Fire jijini Arusha, kwenye vibanda vya soko la Wamasai, utakaribishwa kwa maneno yaleyale kila baada ya hatua chache: karibu, kuangalia ni bure. Biashara ya vinyago ya mji huu imesimama juu ya maneno hayo kwa miaka mingi. Mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA, analala usiku mmoja, anakwenda Ngorongoro na Serengeti, anarudi, na katikati ya kwenda na kurudi dereva anampitisha dukani. Anainua twiga wa mti, anamgeuza juu chini, anashangaa uzito, anaanza kubishana bei. Fundi hakulazimika kueleza chochote. Mkono wa mnunuzi ulimaliza maelezo yote.

Siku hizi wapo mafundi ambao mnunuzi wao hainui kitu. Yuko Mbezi Beach, au Dodoma, au Muscat, au Hamburg. Anachokiona ni picha kwenye simu na maneno mawili matatu chini yake. Wengi wa mafundi hawa hawajaacha kazi zao. Ni seremala wa Unga Limited anayetengeneza vitanda vya tano kwa sita mchana na vibao vya kukatia jioni. Ni dereva wa watalii anayeshika patasi Aprili na Mei, masika yakiwa yamewafukuza wageni na gari limeegeshwa. Ni mwalimu anayechonga wakati wa likizo. Wenyewe wanaiita mishe ya pembeni, na mimi naiheshimu kuliko wanavyoiheshimu wao, kwa sababu kuuza mti kwa mtu asiyeweza kuugusa kumewadai ufundi ambao kibanda cha sokoni hakikuwahi kuwadai.

Wapo waliosukumwa na shida. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, Uviko ulipofunga viwanja vya ndege duniani, wakashuka hadi 620,867. Arusha tarakimu hizo zilikuwa na sura: makufuli milangoni, magari ya safari yamepangwa uani, vinyago vimeshikwa na vumbi. Aliyekuwa na simu alipiga picha alichokuwa nacho akakirusha kwenye status. Jibu lilikuja haraka: twiga na simba hawauziki kwa Mtanzania mwenzako. Mama wa Njiro hana haja na twiga sebuleni. Anataka kibao cha chapati kisichopinda, kinu cha kutwangia vitunguu saumu, stuli ya jikoni, bakuli la matunda la kuwekea wageni. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Mafundi walirudi kwenye vitu vinavyotumika, na kitu kinachotumika kila siku kina ukali wake wa kumkagua aliyekitengeneza.

Kwa upande wa mti wenyewe, Arusha haina shida ya kuchagua. Miteremko ya Meru ina shamba la serikali la misindano na mikrismasi, mbao nyepesi za bei nafuu zinazofaa rafu na masanduku. Kwenye migomba na mibuni, kuanzia Tengeru hadi Ngaramtoni, kuna mgrivilea uliopandwa kwa ajili ya kivuli, na mringaringa ambao wenyeji wa milima hii wameuchongea mizinga ya nyuki tangu zamani. Loliondo, mti mgumu wenye michirizi ya kahawia iliyokolea, unapatikana kwa wauza mbao. Mninga unakuja kwa lori kutoka upande wa Tabora na Katavi. Halafu kuna mpingo.

Mpingo, mti wetu wa taifa, haupendi baridi ya juu mlimani. Ni mti wa nyanda za chini, na mwingi unatoka kusini, Lindi na Ruvuma. Hukua polepole mno, miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Moyo wake ni mzito kiasi kwamba ukitupa kipande ndani ya ndoo ya maji kinazama. Huko Ulaya na Marekani wanautumia kutengeneza klarineti na obo, na hata viwandani kinachofaa kwa ala hizo hakifiki sehemu moja ya kumi ya gogo, maana gogo la mpingo limejaa nyufa, mashimo na mikunjo. Majirani zetu wa Moshi wana la kujivunia hapa: marehemu Sebastian Chuwa, pamoja na Mmarekani James Harris, walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuotesha na kupanda mpingo. Aliyepanda mwaka ule hatavuna yeye. Fundi anayeshika kipande cha mpingo leo ameshika mti ulioota kabla babu yake hajaoa, na mafundi wazuri wanafanya kazi kama watu wanaolijua hilo.

Wamakonde ndio waliotufundisha mpingo unaweza kusema nini. Walitoka uwanda wao wa kusini na ng'ambo ya Ruvuma, wakafika Dar es Salaam, na wengine wakaja huku. Hata Mto wa Mbu, njiani kwenda Ngorongoro, utawakuta wamekaa chini ya mwembe wakichonga. Ila leo siongelei vinyago vyao vya ujamaa wala vya mashetani. Naongelea kijiko.

Kijiko cha kupakulia saladi ni kitu kidogo, na kinauzika. Kinaanza na kipande cha mpingo cha urefu wa futi moja hivi, nje cheupe cha krimu, ndani cheusi chenye wekundu wa mbali. Fundi akiweza anakipasua kwa shoka badala ya msumeno, kwa sababu shoka linafuata nyuzi za mti, na kijiko ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mpini hadi mdomo hakivunjiki shingoni. Anakigeuza mara kadhaa kabla ya pigo la kwanza, anasoma ufa uko wapi na unaelekea wapi. Anachora umbo kwa chaki akifuata kigezo alichokata kwenye boksi. Kisha tezo.

Kwa asiyeizoea, tezo inatia hofu. Makali yake yamekaa kikingama cha mpini, na fundi anayashusha kuelekea mguuni kwake mwenyewe, kwa kuwa unyayo ndio unaoushikilia mti. Yanashuka, yanasimama karibu na kidole gumba, yanaacha kibanzi chembamba kama ganda la kitunguu. Sauti yake imekaribia sauti ya chuma kwa chuma. Mpingo unakula makali, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi fundi anasimama, anamwagia jiwe la kunolea maji kidogo, ananoa, anajaribu ukali kwenye ukucha, anarudi. Ukihesabu saa za kazi, kunoa kunachukua sehemu kubwa ambayo mnunuzi haioni wala hailipii kwa jina.

Kuchimba bakuli la kijiko ndiko kunakotenganisha mafundi. Patasi ya kuchimbia inaingia kutoka upande mmoja, halafu kutoka upande wa pili, na mikato ikutane katikati. Ukivuka katikati unakwenda kinyume cha nyuzi, na mti unang'oka kipande ambacho hakirudi. Anachimba kidogo, anapapasa, anachimba. Unene anaupima kwa vidole, gumba ndani, cha shahada nje, macho yakiwa kwa majirani wanaobishana habari za Simba na Yanga. Tupa inafuata, halafu msasa, mkali kwanza, laini baadaye. Kati ya msasa na msasa anakipangusa kijiko kwa kitambaa kibichi na kukiacha. Maji yanasimamisha vinyweleo vya mti. Kikikauka anavifyeka tena kwa msasa. Akiruka hatua hii, vinyweleo vitasimama siku ya kwanza kijiko kitakapooshwa, mikononi mwa mnunuzi, na fundi hatakuwepo kujitetea. Sokoni hatua hiyo iliweza kurukwa. Mteja alikuwa anapanda ndege kesho.

Lakini yote hayo yanakuja baada ya kazi isiyo na kelele wala picha ya kuposti, nayo ni kukausha. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Januari jua linachoma. Juni na Julai ukungu wa Meru unashuka hadi mitaani na kila kitu kinakuwa na ubaridi wa unyevu. Mbao iliyotunzwa vizuri kivulini hapa hubaki na unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi. Ipeleke kwenye nyumba ya Ujerumani inayopashwa joto wakati wa baridi, nayo itavutwa hadi karibu asilimia 8. Mti unaposhuka hivyo unasinyaa, usiposinyaa sawasawa unapasuka, na unapasukia nchani, kwa sababu maji hutoka nchani haraka kuliko ubavuni. Kijiko kilichochongwa kwenye mti mbichi kitakuwa kizuri Kijenge na kitakuwa na ufa Hamburg.

Dawa yake inajulikana. Fundi anaziba ncha kwa nta au kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti la mtu. Anapanga vipande kivulini, mbali na ukuta, na vijiti katikati hewa ipite. Anaandika tarehe kwa chaki. Halafu anasubiri. Mafundi wa nchi za baridi hukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na mpingo hauna haraka kuliko miti ya kwao. Wengine huchonga umbo la awali likiwa bado nene, wakaliweka miezi likiwa nusu kijiko, ndipo wakalimalizia. Kipimo cha unyevu ni ghali, kwa hiyo wajanja wana mizani: wanapima kipande, wanaandika uzito kwa penseli juu yake, wanapima tena baada ya wiki, na tena. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka kwa kadiri hewa ya Arusha inavyoweza kuukausha. Nimeshika vipande vya namna hiyo, vimejaa tarakimu upande mmoja, kila moja ndogo kuliko ya juu yake, hadi mbili za mwisho zinazolingana. Sijui risiti nzuri kuliko hiyo.

Kusubiri huku ni hela iliyolala. Ada ya shule haingoji mti ukauke, na mteja wa mtandaoni anaandika kwamba anataka mzigo wiki hii, ni wa zawadi ya harusi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi anayejibu: dada yangu, mti upo ila bado mbichi, nivumilie hadi mwezi wa nane, au nikutengenezee cha mninga. Jibu hilo lina maarifa ndani yake. Mninga husinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingine migumu, ndiyo maana ulipendwa kwa milango na madirisha, na fundi anayemhamisha mteja kutoka mpingo kwenda mninga anamkinga na ufa wa baadaye.

Kuna jambo la rangi ya viatu. Kwa miaka mingi kinyago cha mpingo kilimaliziwa kwa rangi nyeusi ya kopo, ikasuguliwa kwa brashi hadi ikang'aa. Ilificha weupe wa ganda la nje, na wasio waaminifu waliitumia kugeuza mti mweupe wowote kuwa mpingo. Kwenye kinyago cha ukutani hilo ni suala la uaminifu. Kwenye kijiko cha chakula ni suala la tumbo. Mnunuzi wa mbali, kwa kuwa hawezi kunusa, anauliza: umepaka nini? Swali hilo limewarudisha mafundi kwenye nta ya nyuki, ambayo mkoa huu unayo tele, ikayeyushwa na mafuta na kusuguliwa kwa kitambaa. Weupe uliokuwa ukifichwa sasa unaachwa ukingoni mwa kijiko kwa makusudi, mstari wa krimu kando ya weusi, kwa sababu ndio ushahidi kwamba weusi ni wa mti. Binafsi naona vijiko hivi ni vizuri kuliko vile vya zamani vilivyokuwa vyeusi pote.

Mpingo ni mgumu pia kwa kamera. Ukiupiga picha juani unatoka kama tundu jeusi lenye mng'ao mmoja. Waliojifunza wanaupeleka kivulini asubuhi, karibu na mlango, juu ya ubao wa zamani au gunia la kahawa, na wanaweka mkono wa mtu au sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa usibishaniwe. Wanapiga juu, ubavu na chini. Picha ya chini ndiyo ninayoitafuta mimi. Mitandao yetu imejaa meza na makabati ambayo picha yake ilichukuliwa kwa fundi wa nchi nyingine kabisa, na mzaha wa nilichoagiza na nilichopokea kila Mtanzania anaujua. Anayekuonyesha chini ya bakuli, alama ya patasi na kifundo cha mti vikiwemo, ana bakuli.

Kuuzia watu usiowaona si jambo la juzi Afrika Mashariki. Wamunyu, huko Machakos nchini Kenya, Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa na ufundi alioupata kwa wachongaji wa huku, na kutoka kwake uchongaji ukaenea kwa Wakamba hadi ukawa biashara ya kupeleka vinyago Ulaya na Marekani kupitia vyama vya ushirika, cha Changamwe kikiwa kimoja kinachojulikana zaidi. Nao walikutana na nyufa, na walipoona mihugu na mipingo inakwisha wakageukia mwarobaini na mjakaranda. Arusha inamwaga maua ya mjakaranda barabarani kila mwaka, na matawi yake yakikatwa mengi huishia kuni. Hilo mtu wa huku alifikirie.

Malipo na usafirishaji vina karaha zake. Ndani ya nchi mambo ni mepesi: mteja analipa kianzio kwa simu, mzigo unafungwa vizuri, unapelekwa stendi, unapanda basi la Dar, na namba ya gari inatumwa kwa ujumbe. Jumia, kampuni kubwa ya maduka ya mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Fundi wa WhatsApp na basi la asubuhi wapo hadi leo. Nje ya nchi ni habari nyingine. PayPal kwa Mtanzania imekuwa kwa muda mrefu ya kulipia tu, kupokea hapana, kwa hiyo fundi anategemea benki, Western Union, au ndugu aliyeko huko. Nauli ya kijiko kimoja inaweza kuishinda bei ya kijiko chenyewe, ndiyo maana wanauza seti. Hayo yanatokea katika mji wenye makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, PAPU, jengo refu la Philips lililozinduliwa Septemba 2023. Wakubwa wa posta wa bara zima wanakutana hapo. Wangeshuka siku moja wakamwuliza mchongaji kijiko kinafikaje Muscat.

Na kuna sheria. Tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa zilizokamilika, zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo, hazibanwi na kibali cha mkataba. Seti ya vijiko sita haikaribii uzito huo. Sheria ya Misitu ya 2002 inabaki palepale, mti uwe umevunwa kwa leseni na umesafirishwa kwa hati, na fundi makini anatunza risiti ya kila gogo. Nchi kama Australia zinakagua mti kwa ukali, gamba moja au tundu la mdudu linatosha kuuharibia mzigo. Cheti cha afya ya mimea kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake yako Ngaramtoni, safari fupi ya daladala kutoka mjini. Mkaushaji mzuri ana faida hapa pia, maana mti mkavu usio na gamba haumpi mkaguzi kazi.

Sidai kwamba kuna utajiri katika vijiko. Wengi wanapata hela ya umeme, ya ada, ya kununulia gogo lingine. Wanaodumu ni wale wenye rafu ya nyuma iliyojaa vipande vyenye tarehe za mwaka jana.

Basi ukivutiwa na bakuli kwenye simu yako, omba picha ya chini yake. Uliza ni mti gani, umekaa muda gani tangu upasuliwe, na umepakwa nini. Fundi atakayekujibu yote bila kuzunguka, mlipe bei aliyoitaja.